Bega Nyuma ya Shashi

Shangazi hakuwa mwongo, ila alikuwa na uongo mmoja ambao aliutumia kila siku bila kuuchoka. Mtu akibisha hodi, yeye hufungua mlango nusu, huuziba ule uwazi kwa mwili wake wote, na kusema, "Kaka amelala." Majirani walirudi na salamu zao. Wachezaji wa zamani walirudi na matunda yao. Hata msoma mita ya maji aliwahi kurudishwa, na maji ya nyumba ile yakakadiriwa tu. Kaka mwenyewe hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha ndani, ameketi kitandani, mikono ameikalia ili itulie.

Huyo kaka ndiye baba yake Chiriku, na watu walimjua kwa jina la Bega. Aliongoza kikundi cha ngoma kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyekuja kumtazama akiruka au akizunguka, maana wa kuruka walikuwa tele. Watu walikuja kusubiri kitu kimoja. Ngoma ilipokuwa imepamba moto, Bega alisimama kabisa. Miguu kimya, kichwa kimya, mikono imening'inia. Wapigaji nao walishusha mkono mmoja mmoja mpaka ukimya ukatanda. Ndipo bega lake la kulia lilipoanza, peke yake, mtetemo mdogo mno, kama maji ya beseni lori linapopita barabarani. Ulishuka mpaka kwenye kiwiko, ukarudi, ukazama kifuani, ukaisha. Ndiyo hiyo tu. Watu wazima na akili zao waliondoka pale wakifuta macho na wasijue wamelizwa na nini.

Chiriku alirithi mengi kwa baba yake isipokuwa hilo bega. Alicheza vizuri, alikuwa na kikundi chake, alialikwa huku na huku. Lakini tangu utotoni alijaribu lile bega mbele ya kioo cha kabati, na alichoambulia ni kuonekana kama mtu anayefukuza nzi. Baba yake alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Jina la Chiriku nalo alipewa na shangazi, kwa sababu ya mdomo usiojua kufungwa.

Kisha mikono ya baba ikaanza kutetemeka bila kutumwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa kwenda nao polepole, hauponi, utazidi. Kwanza kikombe kilimshinda, halafu vifungo vya shati. Siku moja alimmwagia chai mpigaji wake wa zamani, na yule bwana, kwa wema wake, akacheka na kusema si kitu. Kicheko kile cha wema ndicho kilichofunga mlango. Tangu siku ile Bega hakutaka kuonwa na mtu, na kwa mtu aliyeishi kwa kuonwa, Chiriku aliona hiyo ni kufa kabla ya wakati. Ilimuuma sana. Ilimuuma zaidi kwa kuwa yeye, na maneno yake yote, hakuwa na neno la kumwambia.

Alilipata neno siku aliyokutana na Fundi, mtu wa mitambo wa ukumbi aliokuwa akicheza.

"Baba," alimwambia, amechuchumaa mbele ya kitanda, "ukumbini wameleta mashine. Unavaa vikuku mikononi, mabegani, magotini. Unacheza nyuma ya pazia, gizani. Watu hawakuoni wewe. Wanaona kivuli cheupe kwenye pazia, na kivuli kinafanya kila unachofanya. Mimi nacheza mbele, wewe unacheza nyuma. Tunacheza pamoja."

"Na nikitetemeka?"

"Mashine ina chujio. Mtetemo wote linauondoa."

"Kama chujio la chai?" shangazi alidakia kutoka mlangoni, maana hakukuwa na maongezi ya nyumba ile yaliyompita.

"Kama la chai, shangazi."

Baba alimtazama binti yake. Midomo ilimcheza, isijulikane kama anataka kucheka au kulia.

"Niahidi hawataniona nikitetemeka."

"Nakuahidi, baba, tena nakwambia huyo fundi ni mtu makini, siyo wa kubahatisha, mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu..."

"Chiriku. Sema mara moja, polepole."

"Hawatakuona ukitetemeka."

"Haya," alisema baba, na akatoa mikono chini ya mapaja ili anyanyuke.

Ukumbini hapakuwa na dirisha. Mtu aliingia mchana na jua lake, mlango ukafungwa nyuma yake, na mara hapakuwa na mchana tena wala usiku, palikuwa na giza laini lenye harufu ya vumbi na mbao zilizopigwa nta. Katikati ya jukwaa lilining'inia pazia la shashi, kitambaa chepesi cha kuonea ndani, kutoka darini mpaka sakafuni. Lilitikisika hata mtu akipumua karibu yake. Fundi alikuwa mwanamke mkimya mwenye penseli kwenye nywele na karanga kwenye mfuko wa koti. Alimvisha mzee vikuku kimoja kimoja, kisha mkanda wa kifuani wenye kidude cha kupeleka habari za vikuku vyote kwenye kompyuta. Mikono ya mzee ilitikisika muda wote huo. Fundi hakuitazama wala hakujifanya haioni, alikuwa anafunga vikuku tu, na mzee alimpenda kuanzia hapo.

"Nyoosha mikono pande zote mbili, mzee wangu. Mashine inakusoma."

Mzee alinyoosha. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kwenye shashi zikaanza kuonekana punje nyeupe za mwanga, moja hapa, tano pale, zikielea kama vumbi linavyoelea kwenye mwale wa jua, zikisita, zikitafutana. Zikakusanyika, zikawa mtu. Mtu mrefu, amenyooka, amefungua mikono. Mikono ile haikutikisika hata kidogo.

Bega alisogea hatua kwa hatua mpaka ukingo wa pazia, akachungulia aone. Kivuli kilisogea naye. Akainua mkono wa kulia, mkono wa nyama ukicheza kama jani, na kule kwenye shashi mkono wa mwanga ukapanda taratibu na kutulia juu, kimya kabisa.

"Mwangalie," alinong'ona. "Mwangalie alivyotulia."

Chiriku alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Huyu ni mdogo kwangu sana," mzee alisema. "Mbona haniamkii?"

Fundi alicheka mpaka karanga zikamwagika jukwaani, na walikuwa wakizikanyaga mpaka siku ya onyesho.

Basi zikaja siku ambazo Chiriku, akizikumbuka baadaye, hakuweza kuzipanga. Zilikuwa kama usingizi wa alasiri, ule ambao mtu anasikia sauti za nyumba huku anaota. Kila mchana alimchukua baba yake nyumbani, na shangazi akabaki mlangoni na kazi mpya iliyomshinda, kwa sababu sasa alipaswa kusema "Kaka hayupo", na watu hawakumwamini. Kila mchana waliingia kwenye giza lile. Kivuli cheupe kilikusanyika, na Chiriku akacheza nacho. Alipokisogelea, mwanga wake ulimwagikia mikononi mwake. Alipokigusa, vidole vilizama kwenye shashi na kivuli kikatawanyika pale alipogusa, kisha kikajirudi. Aliweza kusikia nyayo za baba yake upande wa pili, zikiburuta kidogo, na mbele yake mguu wa mwanga ukishuka bila kishindo. Wakati mwingine alisahau yupi yuko wapi. Wakati mwingine alijiona ni mtoto tena, amesimama juu ya nyayo za baba, anachezeshwa sebuleni. Wakitoka nje jua lilikuwa bado lipo, na wote wawili walisimama mlangoni wakipepesa macho, kama watu walioshushwa kituo wasichokijua.

Baba alinenepa. Alirudia kula mezani. Alimwambia shangazi kwamba yule kijana wa pale ukumbini anajua kucheza, na shangazi akauliza ni kijana gani, ana wazazi?

Siku zote hizo hakuligusa bega. Alisema linahitaji kusubiriwa, si kitu cha kuitwa kama teksi. Siku waliyofanya mazoezi ya onyesho zima kwa mara ya kwanza, muziki ulifika mahali pa bega, ukashuka, ukabaki uzi mwembamba, kisha hata huo ukakatika. Chiriku alisimama mbele ya shashi na kugeuka. Kivuli nacho kilisimama. Miguu kimya, kichwa kimya, mikono imening'inia. Chiriku akasubiri. Kivuli kilisimama tu. Kikaendelea kusimama, kizuri, kilichonyooka, kama picha ya ukutani. Kisha muziki ukarudi na kivuli kikatembea zake.

Walipomaliza alikwenda nyuma. Baba yake alikuwa ameshika ukuta, anahema, jasho linamtoka, macho yanang'aa kwa furaha.

"Limekuja!" alisema. "Chiriku, leo limekuja lenyewe. Umeliona?"

"Nimeliona," alisema Chiriku.

Alimwacha anakunywa maji kwa mrija, akapanda ngazi mpaka kibanda cha mitambo nyuma ya viti. Fundi hakusubiri kuulizwa.

"Nimeona," alisema. "Yaani sijaona. Mashine inaona kitu kinatetemeka, inafuta. Haiulizi kinatetemekea nini."

"Iambie iache bega. Ichuje mikono peke yake."

"Nilishajaribu. Mtetemo wa mkono unapanda mpaka begani. Ukiufuta chini ukauacha juu, mkono wa kivuli unakatika. Unatisha." Alitoa penseli kwenye nywele, akairudisha. "Nalifungua chujio lote, au nalifunga lote. Likifungwa, bega hakuna. Likifunguliwa, watu watamwona mzee alivyo."

Chiriku alikaa kwenye ngazi. Alikuwa amemvika baba yake kilemba cha ukoka, tena kwa neno moja, na alijichukia. Watu wangekuja kwa ajili ya bega, kama walivyokuja zamani, wangekaa gizani wakilisubiri, na wangeonyeshwa mtu amesimama tu. Tena mwenyewe angekuwa kule nyuma, anatabasamu, akidhani wameliona. Na ukilirudisha bega, ahadi imekwenda, na mlango wa nyumba ile safari hii ungefungwa moja kwa moja.

Kesho yake, kabla ya kuvishwa vikuku, alimwambia baba yake yote. Alitarajia hasira. Baba alisikiliza huku amekalia mikono yake kwenye kiti cha ukumbi.

"Kwa hiyo jana hukuliona."

"Nilikudanganya, baba. Nisamehe."

"Nilijua. Wewe ukiona kitu, neno moja halikutoshi."

Fundi, ambaye hakupenda kushindwa na mashine yake mwenyewe, aliomba jambo. Labda mashine ingeweza kufundishwa, ikajua mtetemo wa ngoma na mtetemo wa ugonjwa. Alimvisha mzee vikuku, akamwomba akae kwanza na mikono mapajani, asifanye lolote. Kwenye kioo cha kompyuta ukajichora mstari wa mawimbi. Kisha akamwomba asimame, achukue muda wake, aliite bega. Mzee alisimama. Kimya kikawa kirefu mno, mpaka Chiriku akasikia projekta ikinguruma juu yao. Bega likaja. Hata mchana ule, bila ngoma wala giza, huku taa za kazi zote zikiwaka, Chiriku nywele zilimsimama. Ukajichora mstari wa pili.

Fundi aliuchukua mstari mmoja akauweka juu ya mwingine. Ulilala sawasawa. Palionekana mstari mmoja tu.

"Sijui nikwambie nini, mzee wangu," alisema Fundi. "Mashine haina pa kushika."

Mzee aliinama kwenye kioo, akaangalia kwa makini.

"Msiilaumu mashine," alisema. "Hata mimi sijui tena. Zamani nilikuwa naliita. Siku hizi nasimama, linakuja, na sijui kama nimelileta mimi au ni hiki kitu changu kimeamka. Nalipokea tu. Nashukuru limekuja."

Chiriku aliangalia pembeni.

"Fungeni chujio," baba alisema. "Lichuje lote."

"Lakini bega, baba! Watu watalisubiri! Mimi mwenyewe nimelisubiri maisha yangu yote, sijawahi kulipata, na sasa..."

"Bega nimelicheza. Waliokuwepo waliliona. Wewe uliniahidi."

Alimkasirikia. Hilo hakulificha, wala hakulisema. Alikwenda maliwatoni, akafungua bomba ili wasimsikie, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa. Kisha akanawa uso na kurudi kucheza, maana ahadi ilikuwa ni yake.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Shangazi alikaa mstari wa mbele, gauni lake la maana mwilini, mkoba juu ya magoti, akijibu salamu za watu wale wale aliowafukuza mlangoni. Taa zikazima. Punje za mwanga zikaanza kuelea kwenye shashi, zikatafutana, na mtu mweupe alipojikusanya ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Sauti ya mzee mmoja ikasema gizani, "Ni yeye. Huo mwendo ni wake."

Chiriku alicheza. Alikuwa na taa yake moja, ya ubavuni, iliyomfuata popote. Kivuli kilizunguka naye, kikamwinamia, kikampokea. Hasira ilikuwa imemwishia miguuni. Kivuli kile kilikuwa kizuri, lazima aseme kweli, na kilikuwa kimemtoa baba yake ndani ya nyumba. Muziki ukaanza kushuka. Yeye alikuwa amefika ukingo wa pazia, pale shashi inapoishia na giza la nyuma linapoanza. Muziki ukawa uzi. Uzi ukakatika.

Kivuli kilisimama. Miguu kimya, kichwa kimya. Na watu wote mle ndani, waliojua na wasiojua, wakasubiri.

Kivuli kikazima.

Hakikufifia. Kilikuwapo, na mara shashi ikawa tupu. Juu kibandani kiti kilianguka. Fundi alikuwa amesimama kwa pupa. Chiriku aligeuza shingo na kuchungulia nyuma ya pazia.

Kule kulikuwa na taa ndogo ya buluu chini ukutani, ya kuwaonyesha wachezaji njia. Katika mwanga ule hafifu alimwona baba yake akiuweka mkanda wa kifuani juu ya sakafu, kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akanyooka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Taa ya ubavuni iliyompiga Chiriku iliipiga na shashi pia, ikaifanya nzito kama ukuta, na hapana hata mmoja kati ya wale mamia aliyeweza kuona kilichokuwa upande wa pili. Baba alijua hivyo. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake mahali pa kusimama.

Bega likaanza.

Lilianza dogo kuliko lilivyokuwa zamani. Mtetemo wa mkono ulipanda kulilaki, au lenyewe lilishuka kuufuata mkono, Chiriku hakuweza kujua. Vikakutana kwenye kiwiko, vikawa kitu kimoja, kikapita kifuani, kikapita shingoni, mpaka mtu mzima alikuwa anacheza kutoka ndani, amesimama pale pale, macho ameyafumba. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa vikuku vikigongana kidogo. Chiriku hakucheza. Hakukumbuka kwamba anatazamwa. Wale wa vitini walimwona mwanamke amesimama kwenye ukingo wa pazia tupu, anaangalia mahali wasipoweza kuona, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuna aliyekohoa.

Likaisha. Baba akafumbua macho, akamwona binti yake, akamwonyesha kwa kidevu: rudi, malizia. Muziki ulikuwa umeshaanza. Chiriku alirudi katikati ya jukwaa na akamaliza peke yake, mbele ya shashi isiyo na mtu.

Makofi yalichukua muda mrefu kuisha. Baadaye, kwenye ujia wa nyuma, watu wakipishana na kukumbatiana, shangazi alimvuta mpwa wake pembeni kwa mkono ule ule aliokuwa akizibia mlango.

"Pale katikati," alisema. "Yule mweupe alipotoweka. Mashine iliharibika?"

"Haikuharibika. Baba alikuwa anacheza."

"Anacheza wapi? Mbona hatukumwona?"

"Nilimwahidi hamtamwona."

Shangazi alitazama kushoto na kulia, kisha akashusha sauti.

"Alitetemeka?"

Chiriku alifungua mdomo ajibu. Akalitafuta jibu, akalitafuta kwa moyo wote, kwa sababu shangazi alistahili kuambiwa kweli.

"Sijui, shangazi."

"Hujui vipi nawe ulikuwa pale pale?"

"Sijui. Alicheza."